Simu Iliyozunguka Kama Mrija

Jumapili ile Scola alipofungua simu ya kikundi chao cha wakulima alikuta jua limekua. Wiki iliyotangulia lilikuwa jua dogo tu, la ukubwa wa ukucha, limekaa kona ya juu na wingu lake. Chini yake kulikuwa na picha nyingine tano: jembe, mbegu, kapu la soko, mdomo unaosema na mgomba ulionyauka. Sasa jua limejaa kioo chote, limeandikwa tarakimu za joto, na mgomba ulionyauka haupo.

Akaigeuza simu juu chini, kana kwamba mgomba ungedondoka. Akaifunga, akaifungua. Jua. Akaizima kabisa, akasubiri muda wa kumenya ndizi mbili, akaiwasha. Jua na wingu lake.

Siku nyingine yoyote asingejali. Mwaka na nusu simu hiyo imekaa kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyechaguliwa kuitunza, na hakuwahi kuigusa picha ya mgomba hata mara moja. Lakini asubuhi ile, kabla ya misa, alipita shambani kukata majani ya kufunikia mtungi wa pombe ya ndizi, akauona mgomba mmoja wa mpakani, upande wa kwa jirani yake Yuster, majani yamelegea na kupiga umanjano. Mkungu wake umeiva kabla ya siku zake. Alipokata shina, kisu kilitoka na ute wa njano, mzito kama usaha.

Kijiji kizima cha Kirushya kinaujua ute huo. Ni ugonjwa wa mnyauko. Ukiuwahi, unang'oa mgomba mmoja au miwili, unaufukia, shamba linabaki. Ukichelewa, shamba lote linalala chini, na mwenye shamba anakaa mwaka mzima na zaidi akinunua ndizi gengeni kama mtu wa mjini. Scola ni mjane. Shamba hilo ndilo chakula, ndilo kivuli cha maharage yake, na ndilo linalompa mtungi wa kukaribishia watu.

Jumatatu akaenda ofisi ya kata kwa miguu kumwona Philbert, bwana shamba. Zamani ukimwita Philbert alikuwa anawasha pikipiki hata kabla hujamaliza kueleza. Tangu zije hizi simu anakwenda kule orodha inakomwelekeza, na orodha inatokana na watu kubonyeza ule mgomba na kujaza fomu yake. Alimsikiliza Scola mpaka mwisho, akasikitika kweli, lakini akabaki amekaa.

"Mama, nikija kwako bila ripoti, siku hiyo inahesabika sikufanya kazi."

"Si unaniona hapa nakwambia?"

"Mimi nakuona. Mfumo haukuoni."

Akatoa simu yake amsaidie kuitafuta ile picha. Kumbe na yake ina jua tupu. Walikaa wawili wanaliangalia lile jua, na nje kulikuwa na mvua. Philbert akasema Alhamisi atakuja mtu wa hao wenye programu ya simu hizi kuvitembelea vikundi, avumilie tu. Scola akarudi nyumbani akavumilia. Kufikia Alhamisi migomba iliyolegea ilikuwa minne.

Mtu aliyekuja alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, anaitwa Claudia. Kikundi kilikutana barazani kwa mzee Juvenali, mwenyekiti, watu wote tisa. Claudia akazunguka akishika kila mkono, shikamoo kwa wanaostahili shikamoo, akakaa, akafungua kompyuta yake magotini. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeleta habari njema. Akasema kikundi cha Kirushya kinaongoza. Picha ya hali ya hewa imebonyezwa hapa mara mia moja na kumi na saba katika miezi mitatu, hakuna kikundi kilichofikia hapo, Ngara wala Biharamulo. Ndiyo maana wameikuza, na zile zisizobonyezwa wakazisogeza nyuma zisiwasumbue. Amekuja kuuliza, je, jua hilo kubwa limewapendeza?

Juvenali akasimama kwa niaba ya wote, akasema limewapendeza mno. Petronila akasema limependeza. Rogasian akaongeza kwamba linang'aa. Ikamfikia Scola, mwenye migomba minne inayooza, akausikia mdomo wake ukisema, "Zuri sana, asante." Alishangaa. Alimtazama Yuster aliyekaa pembeni yake, kama vile huenda ni Yuster aliyesema.

Pengine mambo yangeishia hapo, watu wale viazi na mgeni apande gari. Lakini Claudia akasema kitu kimoja zaidi: angependa kuona wanavyoitumia simu, kama siku zote, wafanye kama yeye hayupo.

Basi Scola akafungua simu, akabonyeza jua, akaipangusa kwa kitenge, akampa Yuster kwa mikono miwili. Yuster akabonyeza jua, akampa Rogasian. Rogasian akabonyeza, akakohoa, akampa Petronila. Ikazunguka hivyo baraza zima, taratibu, huku watu wakiulizana habari za watoto, mpaka ikamrudia Scola, naye akaifunga na kuiweka kwenye kikapu chake.

Claudia akauliza, kisha?

Kisha nini, wakamwuliza. Basi. Ndivyo inavyotumika.

Juvenali akamweleza kwa upole, kama unavyomweleza mgeni mlango ulipo. Kitu kinachozungushwa barazani hakimruki mtu. Mtungi ukiwa katikati na mrija ukaletwa kwako, unavuta hata kama huna kiu, ndipo unampa mwenzako, maana ukiupitisha bila kuonja umemtukana mwenye nyumba. Simu nayo imeletwa kwa kikundi, si kwa mtu. Kwa hiyo kila Jumapili inazunguka, na kila mtu anaionja. Na jua? Jua lilichaguliwa lenyewe, alisema Juvenali. Ukibonyeza jembe, linakuuliza maswali. Kapu la soko linataka jina lako. Ule mdomo unaongea kwa sauti mpaka mbwa wanabweka. Jua halimuulizi mtu kitu.

"Watu tisa," Claudia alisema polepole, "Jumapili kumi na tatu." Akaitazama kompyuta yake. "Na mgomba ulionyauka?"

Petronila akamnong'oneza Rogasian kwa Kihangaza kwamba ni mwendawazimu gani angelibonyeza jina la balaa lije limtafute kwake. Alisema hivyo kwa kuamini mgeni hasikii. Lakini babu na bibi yake Claudia walivuka kutoka Burundi, yeye amezaliwa hapa hapa Ngara, na Kirundi chake na Kihangaza cha Petronila ni ndugu wa kunyonya. Akamgeukia akamwambia kwa lugha ileile kwamba hata mama yake asingelibonyeza. Petronila akajifunika uso kwa khanga, baraza likacheka.

Wakati wanacheka ndipo Scola alipopata nguvu.

"Mimi ninautaka," alisema. "Ule mgomba. Ninayo minne shambani inatoa ute, na bwana shamba haji mpaka niubonyeze, na ninyi mmeuondoa."

Kicheko kikakatika. Yuster akainama, akawa anaokota kitu chini kisichoonekana.

Claudia alikuwa mtu mwema, hilo Scola alilikiri hata baadaye. Hakujitetea. Alifunga kompyuta, akaja kukaa kwenye mkeka karibu na Scola, akaanza kuipekua simu. Scola naye, kwa kuwa ameshaanza, akaona amalize. Alitaka kujua simu inawaeleza nini hao wa mjini. Claudia akasema inaeleza picha ipi imebonyezwa, mara ngapi, na mtu amekaa nayo muda gani; mwenyekiti alikubali siku ya kwanza, palipoandikwa Nakubali. Juvenali akasema ni kweli, alibonyeza, utakataaje kitu mbele ya mtu aliyekuletea.

"Kwa hiyo mlijua tumebonyeza jua mara mia na kumi na saba," Scola alisema. "Hamkujua kwa nini."

"Hatukujua."

"Sasa mlijua nini?"

Claudia akaiweka simu chini. "Mama, mwaka jana tulikuja kuwauliza kwa mdomo. Hapa hapa barazani, nina karatasi zake. Wote mlisema picha zote nzuri, hakuna shida. Leo nimewauliza tena, mmesema jua zuri, na wewe umesema. Vidole vikinidanganya, na midomo ikinidanganya, nimuulize nani?"

Claudia akaendelea, bila ukali. Akawakumbusha zile herufi zilizoongezeka ukubwa mwezi wa tatu. Nani aliomba? Hakuna. Waliona tu kwamba vidole vya watu vinagusa pembeni mara mbili, mara tatu, ndipo vinapata, wakajua watu hawaoni vizuri. Juvenali akakiri kwamba tangu hapo anasoma bila miwani, na alidhani ni yale matone ya macho aliyopewa zahanati.

Basi hesabu ileile iliyompa Juvenali macho ndiyo iliyomnyang'anya Scola mgomba. Hilo Scola alilibeba kichwani siku nyingi, akilipanga huku na huku kama mtu aliyepewa meza yenye miguu mitano.

Ile picha ilipatikana. Ilikuwa nyuma ya vistari vitatu vidogo, ndani ya mahali palipoitwa Mengineyo, ndani tena ya mahali palipoitwa Zisizotumika Sana. Wakaenda shambani na Claudia, wakajaza fomu, wakapiga picha ya ute, wakatuma. Kesho yake asubuhi Philbert huyo na pikipiki, mchangamfu, simu imemtaja Scola kwa jina.

Philbert alipokata na kukagua, migomba yenye ute ikawa saba. Waliing'oa na kuifukia yote saba, wakapitisha mapanga kwenye moto. Philbert akakagua mistari mingine, akasema shamba limepona kwa sasa. Kisha akarudi mpakani, akachuchumaa, akapatazama mahali mgomba wa kwanza ulipokuwa.

"Huu haukuanzia kwako," alisema. "Nani alipogoa hapa mara ya mwisho?"

Alikuwa Yuster. Mwezi wa nne walisaidiana kama miaka yote, siku moja kwa huyu, siku ya pili kwa yule, na kila mmoja na panga lake. Philbert akanyoosha shingo kuangalia ng'ambo ya mpaka, lakini hakuvuka; kwa Yuster hakuna ripoti. Akamwambia Scola kwamba miche safi itakuja vuli, atampa. Lakini akiipanda na chanzo kiko hai hapo jirani, asidhani anapanda, ajue anazika.

Jioni ile Scola akaenda kwa Yuster. Alimkuta uani anapepeta maharage, akakaribishwa vizuri, akapewa kigoda. Akauliza habari za mume wake, Celestini, aliyekuwa mbali, huko Kaniha, tangu mwaka jana analima mashamba mapya. Hajambo. Akauliza habari za shamba. Yuster akasema shamba zuri, ni jua tu limekausha majani kidogo. Shamba hilo ni la mama yake Celestini, na Celestini aliliacha mikononi mwake akahesabu hata mashina. Scola aliona jinsi ungo unavyokwenda kasi mikononi mwa mwenzake. Angeweza kusema twende tukaone. Lakini mtu akishakwambia shamba lake ni zuri, ukienda kuangalia umemwita mwongo. Akashukuru, akaondoka.

Jumapili iliyofuata alimvuta Juvenali pembeni. Claudia alikuwa amemweleza Scola kwamba picha zinapanda na kushuka kadiri zinavyobonyezwa, hakuna mtu anayekaa pale kuzichagua moja moja. Kama ndivyo, Scola alisema, basi tuache jua, tubonyeze mgomba, upande juu, siku ya mtu kupata shida aukute mlangoni. Juvenali akalipeleka barazani. Likawa na maneno mengi. Petronila alitaka kujua kwa nini abonyeze ugonjwa asio nao. Rogasian akasema mbona jua alilibonyeza mwaka na nusu na hakuwa na jua. Mwishowe Juvenali akaamua: mtu abonyeze, ifunguke, arudi nyuma, ampe mwenzake. Asijaze kitu. Na moyoni aseme si yangu.

Ikawa hivyo. Simu ikazunguka, kila mtu akaingia Mengineyo, akaonja mgomba, akatoka. Yuster alikuwa anaugusa upesi kama sufuria iliyotoka jikoni, na alikuwa hatazami.

Ulipofika mwezi wa pili wa kubonyeza hivyo, picha ilikuwa imetoka Mengineyo, iko ukurasa wa mbele, chini ya jua. Scola alifurahi kwa siku mbili. Ya tatu Claudia akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia anayoijua. Kule ofisini, alisema, wamechanganyikiwa. Wanaona Kirushya watu tisa wanafungua ukurasa wa mnyauko kila Jumapili na hakuna anayejaza. Mkubwa wao amesema bila shaka fomu ni ngumu, inawashinda, aifupishe, aondoe picha na maswali.

"Mama, fomu ni ngumu?"

"Si ngumu. Tunaibonyeza ili msiiondoe."

Claudia akasikika akiandika kitu.

"Basi natakiwa nizitoe hizo kwenye hesabu."

"Ukizitoa, mgomba utarudi nyuma?"

"Utarudi."

"Na usipozitoa?"

"Watafupisha fomu isiyo na tatizo, na Philbert atakuwa anatumwa bila hata picha ya kumwonyesha anachokwenda kuangalia."

"Sasa utafanya lipi?"

"Sijui, mama. Wewe ungefanya lipi?"

Scola akasema hajui. Kisha Claudia akaaga kwa Kirundi, kama mtu anayemuaga mama yake.

Siku zile Scola alikuwa akienda mpakani kila asubuhi na kisu, akikata kidogo hapa na pale, akiangalia kisu kimetoka na nini. Kilitoka kikavu. Ng'ambo, majani ya Yuster yalikuwa yanazidi kuning'inia, na mara mbili alisikia panga likifanya kazi huko alfajiri, taratibu, la mtu asiyetaka kusikika. Miche ya Philbert ilikuwa imebakiza wiki tatu. Alifikiri kumwambia Philbert. Alifikiri kumwambia Juvenali. Alifikiri kujaza fomu yeye na kuandika jina la Yuster. Kila alichofikiri, alikiona kinavunja kitu ambacho hakuna miche ya kukipandia.

Jumapili ikafika. Mtungi ulikuwepo, Petronila alikuwa amepika. Simu ikaanza upande wa pili siku hiyo, kwa Rogasian. Ikapita kwa Petronila, ikapita kwa wengine wanne, kila mtu anabonyeza, anarudi, anapangusa, huku maongezi yakiendelea kuhusu mbuzi fulani aliyekula sabuni. Ikafika kwa Scola. Akabonyeza, ukatokea ule ukurasa na swali lake: Je, unaona dalili hizi shambani kwako? Ndiyo. Hapana. Akarudi nyuma, akampa Yuster.

Yuster akabonyeza. Aliyebaki baada yake ni Juvenali, naye alikuwa ameshanyoosha mikono yake miwili, anaendelea kuongea habari za yule mbuzi. Mikono ikakaa hewani. Juvenali akaacha kuongea. Petronila naye akaacha.

Yuster alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili, karibu na kifua, anaitazama. Kidole gumba kilikwenda penye Ndiyo, kikasita, kikabonyeza. Halafu kikaenda tena.

"Dada Scola," alisema bila kuinua uso. "Hapa inataka picha. Picha inapigwaje?"

Mrija ulikuwa mkononi mwa Rogasian, naye aliushika tu. Scola akainuka. Ndani yake kulikuwa na hasira ya ile migomba saba, na pamoja nayo kitu kingine ambacho hakukipatia jina, na vyote viwili vilisimama naye.

"Twende nikuonyeshe," alisema.

Walikwenda wote wawili, na wengine wakafuata kwa mbali, kama watu wanaopeleka mgonjwa. Shamba lilikuwa baya kuliko alivyodhani. Yuster alikuwa amekata na kufukia alivyoweza, mwenyewe, alfajiri baada ya alfajiri, na panga ambalo hakulipitisha motoni. Scola akamshika mkono, akaelekeza simu kwenye shina lililokatwa, akamwambia asubiri ute uonekane vizuri. Yuster aliharakisha, picha ya kwanza ikaharibika. Ya pili ikatoka. Akatuma.

Njiani kurudi Scola alijaribu kulifikiria jambo lile. Je, ni simu iliyomfanya Yuster aseme, ama ni mzunguko? Kama yeye angekwenda uani kwake mara kumi, angejibiwa shamba zuri mara kumi. Na kule kwa Claudia wataona nini? Wataona Kirushya, baada ya miezi miwili, mtu mmoja kati ya tisa amejaza. Labda watasema fomu imeanza kueleweka. Labda wataifupisha, labda wataiacha. Labda Claudia ameshazitoa zile za uongo, na hii ya kweli ikatoka nazo. Aliamua kumpigia kesho, kisha akajiuliza atamwambia nini hasa.

Barazani watu walikaa palepale walipokuwa. Yuster alikuwa bado ameshika simu. Akaifuta kwa kitenge chake mbele na nyuma, akamkabidhi Juvenali kwa mikono miwili, maana zamu ya mzee ilikuwa bado. Mzee akaipokea vilevile kwa mikono miwili, akaliangalia jua, akauangalia mgomba, kidole kikiwa juu, akitafuta pa kuonja.